Nimlilie Saa Ngapi

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Zeituni kashika komeo la mlango wa nyumba yake pale Kaloleni, mjini Kisumu, na nyuma yake mama mkwe akisema, "Ukivuka hapo, Zeituni, usirudi kwangu." Wengi wenu mmenitumia ujumbe mkitaka kujua: alivuka au hakuvuka? Haya, nisiwachoshe.

Hakuvuka. Aligeuka.

"Mama," alisema, "barua umeisoma mwenyewe."

Kweli aliisoma. Bi Naeema si mwanamke wa kusomewa barua. Ilitoka kiwanda cha barafu cha Nam Kwe, nayo ilisema kwamba meneja, yaani Zeituni, hajaonekana kazini kwa siku arobaini, na kwamba asipofika mwenyewe mbele ya bodi leo saa sita mchana, atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake.

Kwa hiari yake, jamani. Mtu kafiwa na mume. Yumo edani kama dini yake inavyomtaka, eda ya miezi minne na siku kumi, na leo ndiyo kwanza siku ya arobaini na moja. Halafu anaambiwa kaacha kazi kwa hiari. Kuna watu hawana haya hata kidogo.

"Mwanangu ana siku arobaini na moja udongoni," Bi Naeema alisema. "Nawe unavaa viatu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa ajili ya kiti."

Angesema nini? Siri ya kiti hicho aliijua yeye peke yake, nami nitawaambia sasa hivi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mcha Mungu alikuwa radhi kugombana na mama wa marehemu.

Siku ile mumewe, Uzair, alipolazwa kwa presha, tangi la maji ya chumvi lilipasuka kiwandani. Daktari alisema mgonjwa anaendelea vizuri. Uzair mwenyewe akamwambia mkewe, "Nenda. Ukikosekana leo, watasema mwanamke hawezi." Zeituni akaenda. Alikuwa ndani ya buti za mpira, maji yamemfika magotini, anawaelekeza mafundi, simu ilipoita. Uzair alikuwa ameshakata roho. Nesi alisema alikufa akiangalia mlango. Sijui kwa nini manesi wengine hawajui kunyamaza.

Kwa hiyo hesabu ya Zeituni ilikuwa hii: kiti kile kimemgharimu saa ya mwisho ya mume wake. Akikipoteza, basi alimwacha afe peke yake bure. Hilo ndilo lililomvalisha viatu asubuhi hiyo.

"Nimempigia sheikh," Bi Naeema alisema ghafla.

Zeituni aliliachia komeo. "Kunishtaki?"

"Kukushtaki, ndiyo. Nilitaka akukataze." Mama mzima alikuwa akifinyafinya ncha ya mtandio wake. "Amesema mwenye eda akiwa na dharura hutoka mchana, bila pambo wala manukato, mradi alale nyumbani kwake. Nikamuuliza tena, nikidhani hakunisikia vizuri. Akarudia yale yale."

Zeituni alishindwa kuyaamini masikio yake.

"Nenda basi," Bi Naeema alisema. "Lakini unielewe, mwanangu. Nimekupa ruhusa, radhi sijakupa. Na magharibi ikukute hapa."

Zeituni alimbusu mkono, naye mama mkwe akauacha ubusiwe, akageuza uso pembeni.

*

Tuktuk ilimshusha kwenye geti la kiwanda saa sita kasoro robo. Askari, Waliaula, alikuwa mtu wa kumpigia saluti kila asubuhi kwa mbwembwe nyingi, mpaka wafanyakazi wakawa wanamcheka. Leo aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mama, pole sana na msiba."

"Asante, Waliaula. Nifungulie."

"Nimeambiwa nisifungue."

"Na nani?"

"Na Bwana Walter."

Walter Oluoch, kwa mliojiunga nasi leo, ndiye naibu wa Zeituni, na kwa siku hizi arobaini ndiye aliyekuwa akikaimu nafasi yake. Ndiye pia aliyeiandika ile barua. Aliandika kwamba afike mwenyewe, kisha akaagiza geti lisifunguliwe. Mwauona mtego?

"Ameniita, tena amenifungia?"

"Mimi ni askari tu, Mama." Waliaula alitazama nyuma, akatazama mbele, akashusha sauti. "Lakini nimeambiwa geti. Hiyo mlango ndogo ya upande hawakutaja."

Zeituni alipita mlango mdogo.

Uani palikuwa na foleni ya akina mama wachuuzi wa samaki, mabeseni yao chini, wanangoja barafu. Walipomwona wakamwambia kwa upole, mmoja baada ya mwingine, "Pole, min Amirah," yaani mama Amirah, kwa jina la binti yake. Zeituni alikuwa mmoja wao zamani. Miaka kumi na tisa iliyopita alisimama kwenye foleni hiyo hiyo na beseni la bluu, kabla hajaajiriwa kufagia, kisha kupima, kisha kusimamia zamu, mpaka akapewa ofisi ya juu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuipata ofisi ile kabla yake.

Njia ya kwenda ofisini ilipita ndani ya chumba cha barafu. Mlangoni alisimama Mzee Okinyi, mwenye boti nyingi kuliko wote, mjumbe wa bodi.

"Nyathina," alisema kwa upole, maana humwita Zeituni mwanangu tangu siku za beseni, "usipite humu. Zunguka kwa nje."

"Kwa nini, Jaduong'?" Zeituni aliuliza, akimwita mzee kwa heshima ya Kijaluo.

"Barafu hii inaenda kwenye boti sitini. Mpaka Luanda Kotieno."

"Najua inakokwenda. Mimi ndiye niliyeipeleka huko."

"Wewe bado uko kwa chola."

Hapo ndipo penyewe. Kwa Wajaluo wanaoshika mila, mjane yuko kwenye chola mpaka atolewe kwa desturi yao, na kabla ya hapo haingii kwa mtu wala hagusi cha mtu, asije akawaletea chira, yaani balaa la mwiko uliovunjwa. Na pale Nam Kwe kulikuwa na jambo la ziada. Barafu yao hugandishwa kwenye mikebe ya bati iliyozamishwa katika maji ya chumvi. Mkebe ukitoboka, chumvi inaingia na bonge halishiki sawasawa. Kwa hiyo Zeituni, alipopewa umeneja, alianzisha utaratibu wake: kila asubuhi meneja anavunja bonge la kwanza kwa mkono wake na kulionja, kabla boti yoyote haijapakia. Wavuvi waliupenda sana utaratibu huo. Lakini sasa mkono wenyewe ulikuwa wa mjane.

"Jaduong', mimi ni Mwislamu. Sina chola. Nina eda, na eda haimdhuru mtu."

"Samaki hawajui dini," Okinyi alijibu.

Msimchukie mzee huyu. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa na wana watatu ziwani kila siku ya Mungu, na mtu mwenye wana watatu ziwani haachi hofu hata moja bila kuiangalia. Zeituni alilijua hilo. Akazunguka kwa nje, kwenye matope ya mtaro, akipandisha buibui lake lisichafuke, meneja mzima.

*

Bodi ni watu watano: wanaume wanne na mwanamke mmoja. Mwenyekiti, Zadock, alikuwa kichwani mwa meza. Okinyi aliingia akaketi. Kulikuwa na Cliff, mwakilishi wa boti za Luanda Kotieno, na bwana mmoja wa malori asiyezungumza ila kwa kikohozi. Na kulikuwa na Debra, mjane wa miaka kumi, mwenye boti nne. Siku Zeituni alipoomba umeneja, Debra ndiye aliyempigania kufa na kupona. Zeituni alimtazama, akapata nguvu kidogo.

Na kwenye kiti cha meneja, kile cha dirishani, alikaa Walter.

"Karibu, Mama," Walter alisema. "Keti hapo kwenye benchi, usisimame. Hali yako tunaijua."

"Hali yangu ni nzima. Barua ilisema nifike, nimefika. Saa sita haijagonga."

Zadock alikohoa. "Mama Zeituni, hakuna anayekufukuza. Sisi tunakuhurumia. Bwana Walter amesema, na mimi nimeona ni jambo la busara, ukae umlilie mzee wako vizuri, bila presha ya kazi."

"Nikimaliza eda, kiti nitakikuta?"

Bwana wa malori alikohoa.

"Nimeuliza, Mwenyekiti."

"Kampuni haiwezi kukaa miezi minne bila kiongozi," Walter alisema. "Hapa ni kazi. Ndiyo maana wengine walisema tangu mwanzo, mwanamke ana mambo mengi. Leo uzazi, kesho msiba."

"Mwaka jana ulifiwa na mkeo, Walter. Mungu amrehemu. Ulikaa siku ngapi?"

"Siku nane."

"Nani alishika zamu zako?"

Kila mtu mezani alijua ni nani.

"Uliporudi siku ya tisa, walikupigia makofi hapa hapa," Zeituni alisema. "Wakasema huyu ni mwanaume. Haya, mimi nimekuja siku ya arobaini na moja. Makofi yangu yako wapi?"

"Sasa hilo ndilo linalotutia wasiwasi," Walter alisema polepole, na hapo ndipo alipomgeuzia kibao. "Mume hajamaliza miezi miwili kaburini, mwanamke anakimbilia kiti. Mimi nauliza tu. Mtu asiyemlilia mume wake, atatulilia sisi?"

Okinyi aliinamisha kichwa. Cliff aliguna. Na Zeituni, ambaye tangu siku ya mazishi hakudondosha chozi mbele ya mtu, kwa sababu waliofika matangani walimwambia asubiri, vumilia, usipige kelele, mwenye kupanga ni wewe, na watu wanakula nini, na maji yako wapi, Zeituni aliwatazama mmoja mmoja.

"Nikikaa nyumbani mnaniandikia nimeacha kazi," alisema. "Nikija mnasema sina uchungu. Mimi nawaomba mniambie jambo moja tu, wakubwa wangu. Nimlilie mume wangu saa ngapi?"

Zadock ndiye aliyejibu, na ninaamini alifikiri anasaidia. "Kuna njia," alisema. "Mzee Okinyi ameileta, na hata mimi naona inaweza kumaliza haya maneno. Wavuvi hawakukatai wewe, Mama, wanaogopa chola. Sasa chola inatolewa. Siku hizi si kama zamani, hakuna mtu wa kukugusa. Mwanaume analeta koti lake, linatundikwa nyumbani kwako siku moja, kesho linachukuliwa. Basi. Inahesabika umerithiwa. Unarudi hapa, unavunja bonge lako la barafu, boti zinapakia."

"Koti la nani?"

"Bwana Walter amekubali kujitolea," Zadock alisema. "Naye amefiwa kama wewe."

Walter hakumtazama. Alikuwa akijishughulisha na kifungo cha koti lake la kijivu, na Zeituni alipoona hivyo akarudi nyuma hatua moja. Alitaka kuketi kwenye benchi, akajizuia.

"Dakika mbili, Mwenyekiti," Debra alisema. Alimshika Zeituni mkono, akamtoa nje kwenye korido.

*

"Kubali," Debra alisema mara mlango ulipofungwa.

"Debra, katika eda hata kuposwa ni haramu. Unataka koti la mwanaume liingie nyumba ya Uzair? Mama yake yumo humo. Binti yangu yumo."

"Hiyo koti ni koti tu. Hakuna mtu ndani yake."

"Na Walter akija kusema mimi ni mke wake wa kurithi? Si atakuwa meneja wa meneja?"

"Atasema. Wacha aseme. Wewe utakuwa na kiti." Debra alikuwa akimshika mkono kwa nguvu mno. "Unafikiri mimi nilipata vipi boti zangu? Mume wangu amekufa, boti zimelala mchangani wiki saba. Hakuna kijana anapanda. Shemeji akaleta koti, shemeji mlevi, koti linanuka chang'aa. Nikalitundika kwa msumari, nikaliangalia mpaka kukapambazuka. Hiyo asubuhi boti zangu zikaenda ziwani. Sikufa."

"Pole, Debra. Hukuwahi kuniambia."

"Sijaambia mtu. Kubali, min Amirah. Nitakupa kura yangu. Tafadhali."

Zeituni alimtazama rafiki yake, akamwonea huruma kwa moyo wake wote. Kisha akafungua mlango, akarudi ndani.

"Koti sitalitundika," alisema. "Si la Walter, si la mtu yeyote. Sitamfanyia Uzair jambo hilo. Mila yenu naiheshimu, Jaduong', lakini si yangu. Kama mnataka kunipima, nipimeni kwa kazi."

"Basi tupige kura," Walter alisema haraka.

"Wewe huna kura," Zadock alimkatiza. "Wanaotaka Bwana Walter ashike umeneja kuanzia leo, mikono juu."

Mzee Okinyi aliinua mkono, taratibu, bila kumtazama Zeituni. Bwana wa malori akainua wake. Wawili.

"Wanaotaka Mama Zeituni abaki."

Cliff aliinua mkono, na watu wakashangaa, kwani Cliff ndiye aliyetarajiwa kuwa upande wa wavuvi. "Kabla yake, barafu ilikuwa inafika kwetu maji," alisema. "Mimi nasema ukweli. Hizi wiki sita tena imefika maji." Kisha, jamani, Zadock mwenyewe akainua mkono wake, uso umemwiva kwa aibu. "Barua nilitia sahihi bila kuisoma vizuri," alisema.

Wawili kwa wawili. Kiti kilikuwa kimebaki kwenye mkono mmoja.

Wote walimgeukia Debra. Debra alikuwa ameweka viganja vyake juu ya meza, anavitazama.

"Mimi nilitundikiwa," alisema. "Nikasema sawa, hiyo ndiyo bei ya mwanamke kukaa na nyinyi. Nimeilipa. Huyu dada yangu namuomba kwa korido, anakataa, na bado anataka kukaa. Sasa akipita bila koti, mimi nilitundikiwa ya nini? Mniambie. Hiyo yangu yote ilikuwa bure?"

Akainua mkono wake kwa Walter.

Zeituni alimwelewa. Hapo ndipo palipomuuma. Asubuhi ile ile, akifunga viatu, yeye naye alikuwa amejiambia neno hilo hilo, bure, na angeweza kumuumiza yeyote ili lisiwe kweli. Hakuwa hata na hasira ya kumkasirikia Debra.

"Basi imepita," Zadock alisema kwa unyonge. "Mama Zeituni, bodi inakushukuru kwa miaka yako yote."

Walter alisimama, akazunguka meza, akamnyooshea mkono. "Pole sana, Mama," alisema. Na nadhani, Mungu anisamehe, safari hii alimaanisha.

Ni hilo pole lililomwangusha. Siku arobaini na moja alilisikia na kulijibu asante, asante, asante. Sasa hakuwa tena meneja wa kujikaza mbele ya wafanyakazi, na Uzair alikuwa amekufa, amekufa kweli, harudi, alikufa akiangalia mlango na aliyengojwa hakuingia, na kiti kilichomtoa kando ya kitanda chake kilikuwa kimekaliwa. Aliketi sakafuni kando ya benchi, akalia kwa sauti. Hakulia kwa staha. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, akimwita mumewe kwa jina.

"Mama, tafadhali," Zadock alisema. "Watu chini watasikia."

Walikuwa wamesikia. Na mnaowajua Wajaluo mnajua kwamba kwao kilio hakiachwi kilie peke yake. Mwanamke mmoja kwenye foleni aliitikia, sauti nyembamba, ndefu. Wa pili akamdaka. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa ukilia, akina mama wameshika vichwa, mabeseni yamepinduliwa, na wapakiaji wameyatua mabonge chini yakaanza kuyeyukia juani. Kule ufukweni watu wa boti walisimama wima kutazama kiwandani.

Mlango ulifunguliwa. Ni Waliaula, kofia mkononi, anahema.

"Mwenyekiti, samahani. Akina mama wamekataa kuchukua barafu. Wanataka kupanda huku juu. Wanauliza ni nani amekufa." Alimwona Zeituni sakafuni. "Niwaambie nini?"

Zadock alimtazama Walter. Walter alimtazama Mzee Okinyi.

Debra alisukuma kiti chake nyuma. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Nitawaambia kila kitu, kuanzia koti langu." Na kabla Walter hajauwahi mlango, alikuwa ameshafika kwenye ngazi.